Kipaji Kinapopimwa: Habari za Mtihani wa Kuingilia Vyuo vya Udaktari

Kila mwanafunzi atakaye kuwa daktari hana budi kulijibu swali moja kabla ya kufundishwa hata jina la mfupa mmoja: je, aiweza kazi hiyo? Swali ni fupi, lakini limewatoa jasho watu wengi, walioulizwa na waliouliza. Mzazi hulijibu kwa mapenzi, na mwalimu hulijibu kwa makisio. Mgonjwa, ambaye uhai wake umo katika jibu, haulizwi kabisa. Tangu mwaka wa 1928 nchi ya Marekani imejaribu kulijibu kwa penseli na karatasi, na habari za jaribio hilo ndizo nitakazozieleza hapa. Waliolianzisha walitaka kupima kipaji, yaani uwezo wa mtu kujifunza jambo ambalo bado hajafundishwa. Haikupita miaka mingi watu wakaanza kufundishwa namna ya kuwa na kipaji.

Ili tuelewe kwa nini mtihani huo ulitakiwa, yatupasa kwanza kurudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa na vyuo vya udaktari tele, na vingi vilikuwa biashara tupu. Mwenye ada aliingia, hata kama hakuwahi kumaliza shule ya sekondari. Akasikiliza mihadhara, akapewa cheti, akaenda kutibu watu. Mwaka wa 1910 Abraham Flexner, mtu wa elimu ambaye hakuwa daktari, alitoa taarifa ya safari zake katika vyuo 155 vya Marekani na Kanada. Alieleza bila haya alichokiona: maabara zisizo na vyombo, na vyuo visivyo na hospitali ya kufundishia. Katika miaka kumi iliyofuata karibu nusu ya vyuo hivyo vilifungwa au viliunganishwa na vingine.

Wagonjwa walipata nafuu kubwa kwa kazi hiyo, lakini nafuu hiyo haikumfikia kila mtu sawasawa. Vilikuwapo vyuo saba vilivyofundisha madaktari weusi, na Flexner alishauri viwili tu vibaki, Howard na Meharry. Ikawa hivyo. Kwa muda mrefu baada ya hapo kijana mweusi wa Marekani aliyetamani udaktari alikuwa na milango miwili karibu peke yake, na milango mingine aliyoibisha haikufunguliwa. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana kila tunapousifu mlango kwa kuwa mwembamba hatuna budi kuuliza ni nani aliyebaki nje.

Basi vyuo vilivyosalia vikawa bora, na waombaji wakawa wengi kuliko nafasi. Mtu angedhani kwamba sasa shida imekwisha, kwa kuwa mwenye kuchagua katika wengi hupata wazuri. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1920 vyuo viligundua kwamba wanafunzi wengi waliochaguliwa walishindwa na kuacha masomo njiani. Katika chuo kimoja walioacha walikuwa 5 katika kila 100. Katika kingine walifika 50. Fikiri maana yake. Elimu ya udaktari ni ghali kupita elimu nyingi: huhitaji maiti ya kupasuliwa, hadubini, mwalimu mmoja kwa wanafunzi wachache, na kitanda cha mgonjwa cha kujifunzia. Kijana akishindwa katika mwaka wa pili, nafasi yake haiwezi kupewa yule aliyekataliwa mwaka uliopita, naye huyo aliyekataliwa pengine amekwisha kuwa karani. Hapo taifa limewakosa madaktari wawili kwa mara moja.

Aliyejitokeza kuitatua shida hiyo alikuwa Fred August Moss, mwalimu wa Chuo Kikuu cha George Washington katika mji mkuu wa Marekani. Moss alikuwa daktari na tena mtaalamu wa elimu ya nafsi, ambayo siku hizi tunaiita saikolojia. Elimu hiyo ilikuwa katika ujana wake, na ilijiamini kama vijana wanavyojiamini. Alfred Binet alikwisha kuonyesha mjini Paris, mwaka wa 1905, kwamba maswali mafupi yaliyopangwa kwa uzito wake yaweza kuwatambua watoto watakaohitaji msaada shuleni. Katika Vita Kuu ya kwanza jeshi la Marekani liliyachukua mawazo hayo likawapima askari zaidi ya milioni moja na nusu. Kufikia mwaka wa 1926 mtihani wa namna hiyo, uitwao SAT, ulianza kutumiwa kuchagua vijana wa vyuo vikuu. Moss aliona kwamba kama askari na wanafunzi wa kawaida wanaweza kupimwa hivyo, madaktari wa kesho nao wanaweza.

Mtihani wake wa kwanza ulitolewa mwaka wa 1928 kwa kujaribiwa. Ulikuwa na sehemu fupi fupi. Moja ilipima kumbukumbu ya macho, na nyingine kumbukumbu ya mambo yaliyosomwa. Nyingine ziliuliza maneno ya kisayansi na maana zake, ufahamu wa habari zilizopigwa chapa, mambo ya sayansi ambayo mwombaji alitazamiwa kuwa ameyasoma, na namna ya kufikiri kwa hoja, jambo hili likifuata kutoka kwa lile. Majibu hayakuhitaji ufasaha: mtahiniwa aliweka alama penye kweli au si kweli, au alichagua jibu moja katika yaliyotolewa. Umoja wa Vyuo vya Udaktari vya Marekani uliupokea mtihani huu mwaka wa 1930.

Kuna jambo dogo katika maisha ya Moss ambalo hunifanya nitabasamu. Mwaka mmoja tu kabla ya mtihani wake wa udaktari, yaani mwaka wa 1927, yeye na mwenzake Thelma Hunt walikuwa wameeleza mtihani mwingine, wa kupima jinsi mtu anavyoelewana na watu: kutambua hali ya mwenziwe usoni, kuamua la kufanya katika jambo lenye utata baina ya watu. Ni sifa gani zaidi ya hizo mgonjwa angezitaka kwa daktari wake? Lakini katika mtihani wa madaktari sehemu hizo hazikutiwa. Vyuo vilitaka kujua nani atashindwa masomo, na Moss aliwapa walichokitaka.

Tena alikitoa vizuri. Kati ya mwaka wa 1925 na 1930, walioacha masomo ya udaktari njiani walikuwa kama 20 katika 100 kwa hesabu ya nchi nzima. Kufikia mwaka wa 1946 walikuwa 7. Sisemi kwamba karatasi ya Moss peke yake ilifanya kazi hiyo yote. Shule za sekondari zilikuwa zimeboreshwa na vyuo vilikuwa vimeongeza masharti mengine ya kuingia. Lakini hapana shaka kwamba mtihani ulikuwa na sehemu yake.

Sasa tuutazame upande wa mtahiniwa. Kijana wa mwaka wa 1930 alijitayarisha vipi? Kwa kweli hakuwa na mengi ya kufanya. Alisoma kemia na biolojia zake chuoni kama wenzake, akalala mapema, akachonga penseli. Kanuni ya wenye mtihani ilikuwa kwamba kipaji hakifundishiki katika wiki chache, kama vile mtu hawezi kurefuka kwa kukaza mwendo. Wengi waliiamini kanuni hiyo, na walioiamini zaidi ni wale waliofaulu, kwa kuwa kila mtu hupenda kuambiwa kwamba kilichomfikisha ni kile alichozaliwa nacho.

Mmoja hakuiamini. Jina lake ni Stanley Kaplan, aliyezaliwa mwaka wa 1919 huko Brooklyn katika jiji la New York, mtoto wa wazazi Wayahudi waliohamia kutoka mashariki ya Ulaya. Baba yake alifanya kazi ya mabomba ya maji. Kaplan alisoma City College, chuo cha umma kisichotoza ada, akamaliza mwaka wa 1939 akiwa miongoni mwa wa kwanza kabisa. Aliomba nafasi katika vyuo vitano vya udaktari, na vyote vitano vikamkataa. Katika miaka ile vyuo vingi vya Marekani vilikuwa na kiasi walichojiwekea cha Wayahudi watakaoingia, na Wakatoliki kutoka Italia walihesabiwa vivyo hivyo. Watu weusi hawakupewa hata kiasi. Mtihani wa Moss ulikuwapo, lakini alama zake hazikumlazimisha mkuu wa chuo chochote kumpokea mtu ambaye jina lake halikumpendeza. Kaplan aliamini maisha yake yote kwamba alikataliwa kwa sababu mbili, dini ya wazazi wake na umaskini wa chuo chake.

Yasemekana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kaplan hakushtuka. Mtu mwingine angeichukia mitihani pamoja na vyuo vyenyewe. Kaplan aliipenda. Aliona kwamba barua za sifa huandikiwa watoto wa wakubwa, na kwamba katika mahojiano mtu hutazamwa nguo na kusikilizwa matamshi, lakini karatasi ya majibu haina baba wala mtaa. Kama mitihani ingepewa uzito wa kweli, mtoto wa fundi angeweza kusimama kando ya mtoto wa tajiri. Kilichobaki ni kumfundisha mtoto wa fundi namna ya kuikabili.

Alikuwa amekwisha kuanza kufundisha mwaka wa 1938, katika chumba cha chini ya nyumba ya wazazi wake. Mwaka wa 1946 akaanza kuwatayarisha wanafunzi kwa SAT, na baadaye kwa mitihani ya kuingilia vyuo vya udaktari na sheria. Njia yake ilikuwa rahisi. Alitaka kujua maswali hasa yalivyo. Kwa hiyo mtihani ulipokwisha aliwakaribisha wanafunzi wake kwa karamu ndogo, wakala na kueleza waliyoyakumbuka. Kutokana na vipande hivyo alitunga maswali ya mazoezi, na kila mwaka mazoezi yake yalikaribia zaidi kuwa kama mtihani wenyewe. Hakuwaambia wanafunzi wake wakariri majibu. Aliwafanya wazoee kusoma swali mpaka waone linachouliza, na kuyaondoa kwanza majibu yasiyowezekana. Aliwafundisha pia kutopoteza dakika tano kwa swali lenye alama sawa na jingine la nusu dakika.

Wenye mitihani walimdharau. Katika miaka ya 1950 na 1960 walitangaza tena na tena kwamba masomo ya namna hiyo hayana faida ya maana na kwamba mzazi anayeyalipia anatupa fedha zake. Nadhani walisema hivyo kwa nia njema, lakini pia hawakuwa na njia ya kusema vinginevyo. Kama kipaji chaweza kuongezwa kwa ada ya wiki kumi, basi kilichokuwa kikipimwa si kipaji, na jina la mtihani ni la uongo. Shauri hilo lilifika serikalini. Mwaka wa 1979 Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya shule za mazoezi, na ikaonekana kwamba wanafunzi wa Kaplan waliongeza kama pointi 25 katika kila moja ya sehemu mbili za SAT, ambazo kila moja huhesabiwa toka 200 hadi 800. Si nyingi, wala si chache kwa mtu ambaye anakosa nafasi kwa pointi kumi.

Mwaka huo huo jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwataka wenye mitihani watoe maswali na majibu baada ya mtihani, ili mtahiniwa aweze kuona alipokosea. Umoja wa Vyuo vya Udaktari ulikwenda mahakamani mara moja. Ulisema maswali ni mali yake ya kisheria, tena ni vigumu kuyatunga, na yakitolewa hayawezi kutumiwa tena. Mahakama iliizuia sheria isiuguse mtihani wao mpaka kesi isikizwe. Mwanafunzi wa Kenya, aliyezoea kununua vitabu vya karatasi za mitihani ya miaka iliyopita kama anavyonunua daftari, atashangaa kusikia kwamba kuna mahali ambapo jambo hilo limepelekwa mbele ya hakimu.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, mtihani wenyewe ulikuwa haukai na sura moja. Mwaka wa 1946 karatasi ya Moss iliachwa na mpya ikatungwa, na mwaka wa 1948 mtihani ukapewa jina linalojulikana leo kwa herufi nne za Kiingereza, MCAT. Kuanzia mwaka wa 1962 ulikuwa na sehemu nne: lugha, hesabu, sayansi na maarifa ya jumla. Sehemu hii ya nne ndiyo iliyozua manung'uniko. Maarifa ya jumla ya nani? Kijana aliyelelewa katika nyumba yenye vitabu na picha za wachoraji mashuhuri aliyapata maarifa hayo mezani akila. Aliyelelewa shambani alijua mengine, ambayo hayakuulizwa. Mwaka wa 1977 sehemu hiyo ilifutwa, na uzito ukawekwa katika biolojia, kemia, fizikia, kusoma na hesabu. Mwaka wa 1991 ziliongezwa insha mbili za nusu saa kila moja, nazo ziliondolewa mwaka wa 2013. Penseli iliachwa mwaka wa 2007 na kompyuta ikachukua nafasi yake.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwaka wa 2015, mtihani ulipoanza kuuliza saikolojia na elimu ya jamii kando ya sayansi za mwili. Sababu iliyotolewa ni kwamba ugonjwa hauanzii mwilini peke yake: umaskini, makazi na mazoea ya watu humfuata mgonjwa mpaka chumba cha daktari. Hivyo baada ya miaka 87 mtihani ulikuwa umerudi, kwa njia yake, karibu na yale ambayo Moss aliyapima mwaka wa 1927 kisha akayaacha.

Leo mtahiniwa hufika asubuhi, hukaguliwa, kisha huketi mbele ya kompyuta kwa siku nzima ya saa saba na nusu pamoja na mapumziko. Maswali ni 230 katika sehemu nne. Sehemu tatu zina maswali 59 kila moja, na hupewa dakika 95. Ile nyingine ina maswali 53 kwa dakika 90, na hii ndiyo inayowatisha hata walio hodari wa kemia, kwa kuwa haihitaji ujuzi wowote wa nje. Mtahiniwa hupewa habari za falsafa, sanaa au historia ambazo hajapata kuziona, na huulizwa mwandishi alikusudia nini, na hoja yake ingekuwaje kama jambo fulani lingekuwa vingine. Hakuna kitabu cha kukariri kwa ajili ya sehemu hiyo. Wanaoifaulu ni wale ambao kwa miaka walisoma vitabu vigumu bila kulazimishwa. Katika sehemu nyingine maandalizi ya miezi mitatu au minne yanafaa sana. Mwenye kujiandaa vizuri hufanya mtihani mzima wa mazoezi kwa saa zile zile za siku yenyewe, kisha hutumia siku mbili akiyachunguza makosa yake. Asiyejua hufanya mitihani kumi na kuhesabu alama tu.

Hapo ndipo ndoto ya Kaplan ilipogeuka kidogo. Masomo ya mazoezi aliyoyaanza kwa watoto wa mtaa wake yamekuwa biashara kubwa ya maelfu ya dola, na mtihani wenyewe hulipiwa zaidi ya dola 300. Mtoto wa tajiri hujiandaa miezi mitatu bila kufanya kazi. Mtoto wa maskini hujiandaa usiku baada ya kazi. Kweli kuna msaada wa ada kwa wasiojiweza, na kuna masomo ya bure katika intaneti, lakini hakuna anayeweza kugawa bure saa za mchana. Kaplan mwenyewe aliiuza shule yake mwaka wa 1984, akafa mwaka wa 2009.

Nchi nyingine zimefuata njia hiyo kwa namna zao. Uingereza ilianza mwaka wa 2006 mtihani usiouliza sayansi kabisa, ambao sasa unaitwa UCAT, na sehemu yake ya mafumbo ya maumbo, ambayo vijana walikuwa wameizoea kwa mazoezi, iliondolewa mwaka wa 2025. Kwetu Afrika Mashariki mambo yamekuwa tofauti. Makerere ilianza kufundisha watabibu katika miaka ya 1920, na Nairobi ilifungua skuli yake ya udaktari mwaka wa 1967, lakini hatukuutenga mtihani wa kipaji wa taifa zima kwa ajili yao. Vizazi vya vijana wa Kenya tangu mwaka wa 1989 wameingia udaktari kwa alama za KCSE, yaani biolojia, kemia, hesabu au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Kijana wetu hapimwi kama anaweza kujifunza. Hupimwa kama amejifunza, na maandalizi yake huhesabiwa tangu kidato cha kwanza. Sijui ni lipi lililo gumu zaidi.

Lakini Mkenya atakaye kusomea udaktari Marekani huikuta njia yote niliyoieleza. Huko udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo husoma kwanza miaka minne, kisha huketi mbele ya kompyuta ile pamoja na wenzake. Kila sehemu hupewa alama toka 118 hadi 132, na jumla huwa kati ya 472 na 528. Akimaliza hutoka nje jioni, na matokeo huyangoja muda wa kama mwezi mmoja.